Moto wa Roki Bila Dramu: Billy Strings na Ugomvi wa Blugrasi

Jukwaani wako watano: gitaa, banjo, mandolini, fidla na besi kubwa ya kusimama. Mpiga dramu hayupo. Hata hivyo ukumbi ni wa ukubwa wa Bridgestone Arena ya Nashville, wenye nafasi ya watu zaidi ya 17,000, taa zinazunguka, gitaa la mbao linanguruma kama la umeme, na wimbo ambao wazee waliurekodi kwa dakika tatu unaweza kunyooshwa hadi robo saa. Hivyo ndivyo Billy Strings, mzaliwa wa Michigan wa mwaka 1992, anavyopiga blugrasi, na hapo ndipo wapenzi wa muziki huu wa nyuzi wa Marekani wanapogombana.

Upande mmoja unasema hii imeshatoka kwenye blugrasi. Ni roki iliyovikwa banjo. Upande wa pili unajibu kwamba muziki usiobadilika hufa, waacheni vijana wacheze. Jibu hilo la pili ni dhaifu, na linawadhulumu wanamuziki wenyewe, maana linakubali kimyakimya kwamba wameiacha mila, ila kwa nia njema. Hawakuiacha. Sehemu ngumu kuliko zote katika blugrasi, ile injini ya mapigo isiyo na dramu, wameibeba nzima hadi kwenye kumbi ambazo hazikujengwa kwa ajili yake. Walichobadilisha ni sauti, na juu ya sauti wakosoaji wao wana hoja ya kweli. Mambo haya mawili yakichanganywa, mazungumzo hayafiki popote.

Chukua kibao chenye mapigo 150 kwa dakika, kasi ambayo wapiga blugrasi wanaizoea mapema. Kutoka pigo moja hadi jingine ni milisekunde 400. Besi inapiga juu ya pigo. Mandolini inapiga katikati ya mapigo mawili, milisekunde 200 baada ya besi. Banjo inajaza noti nne ndani ya kila pigo: noti 600 kwa dakika, noti 10 kwa sekunde, moja kila milisekunde 100. Namba hiyo ya mwisho ndiyo ya kushika. Ukipepesa jicho mara moja, muda unaopita ni huo au zaidi. Ndani ya nafasi hiyo watu watano wanatakiwa wakubaliane, na hakuna hata mmoja kati yao aliyelibeba pigo zima peke yake. Besi ina nusu, mandolini ina nusu ya pili, gitaa linaziunganisha nusu hizo kwa uzi mmoja wa chini ukifuatiwa na mfagio wa nyuzi zote, na banjo inajaza mapengo.

Pigo la mandolini wapigaji wenyewe wameliita kwa neno la kukata, kama mtu anavyokata kuni, kwa hiyo tuliite mkato. Utazame kwa karibu. Kwa kodi ya G, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, uzi wa G unashikwa freti ya 7 (freti ni kipande cha chuma kwenye shingo ya chombo), wa D freti ya 5, wa A freti ya 2, wa E freti ya 3. Hakuna uzi ulioachwa wazi, na sababu iko wazi: uzi usioshikwa hauwezi kuzimwa na mkono wa kushoto. Mpigaji anazipiga nyuzi zote nane, maana kila uzi ni jozi, kwa mkupuo mmoja, kisha papo hapo analegeza vidole bila kuvinyanyua. Vidole bado vinagusa nyuzi, lakini nyuzi hazigusi tena freti, na sauti inakatika. Akilegeza mapema mno, kinatoka kishindo kikavu kisicho na kodi ndani yake. Akichelewa, kodi inaendelea kulia hadi inaingia kwenye eneo la besi, na bendi nzima inasikika nzito, kama inayopanda mlima na gunia. Tofauti kati ya makosa hayo mawili ni sehemu ndogo sana ya sekunde, na inarudiwa mara 150 kila dakika.

Banjo nayo ina kazi yake, na si pambo. Earl Scruggs alipoingia kwenye bendi ya Bill Monroe, baba wa blugrasi, mwishoni mwa 1945 alileta upigaji wa vidole vitatu: gumba, cha shahada na cha kati, kila kimoja kimevaa kucha ya bandia. Katika mzunguko wa kawaida wa noti nane, vidole vinajipanga tatu, tatu, halafu mbili. Kwa hiyo mkazo wa banjo unaangukia noti ya 1, ya 4 na ya 7. Besi iko kwenye noti ya 1 na ya 5. Mandolini iko kwenye ya 3 na ya 7. Hesabu mwenyewe: mkazo wa kwanza wa banjo unakutana na besi, wa mwisho unakutana na mandolini, na ule wa katikati haukutani na mtu. Mkazo huo usio na mwenza ndio unaomfanya msikilizaji ahisi muziki unasukumwa kutoka nyuma. Watu wa blugrasi wanauita msukumo, na bendi isiyokuwa nao hata ikipiga noti zote sawasawa inaambiwa haijaanza.

Sasa mlete mpiga dramu. Snea, ile dramu ndogo yenye mlio mkali, kwa kawaida hupigwa palepale penye mkato wa mandolini. Wakipishana kwa milisekunde 20 au 30, sikio linasikia vipigo viwili, ta-ta, mahali palipotakiwa kimoja. Wasipopishana, snea inaumeza mkato, maana ina nguvu zaidi. Mpiga mandolini mwenye akili anaona kwamba kazi yake imechukuliwa, anaacha kukata, anaanza kupamba. Dramu ya mguu inaingia kwenye masafa ya chini ambako besi ilikuwa peke yake, hivyo mpiga besi naye anaacha kuongoza na kuanza kuufuata mguu. Gitaa halisikiki tena linapounganisha. Banjo, iliyokuwa ikicheza na nguzo mbili, mkazo wake mmoja ukibaki peke yake, sasa inakuta ukuta. Msukumo haupotei kwa sababu dramu ni mbaya. Unapotea kwa sababu watu wanne wamesamehewa kazi iliyowalazimisha kusikilizana.

Ndiyo maana naona uamuzi wa Billy Strings wa kuzunguka na bendi ya watu watano bila dramu ni mzito kuliko taa na vikanyagio vyote vya kubadilisha sauti ya gitaa lake. Mtu aliyepiga metali ujanani, ambaye sehemu ya hadhira yake imetoka kwenye roki, angeweza kumwajiri mpiga dramu tangu siku ya kwanza na hakuna ambaye angeshangaa. Bendi kadhaa za ukoo huo zilifanya hivyo. Leftover Salmon na String Cheese Incident za Colorado zina dramu, na zinapendeza, ila injini yao ni nyingine. Yeye, kama Trampled by Turtles wa Duluth walioanza 2003 na Greensky Bluegrass wa Kalamazoo walioanza 2000, amechagua njia ndefu. Studioni amejiruhusu mengi zaidi. Jukwaani, mkato uko kwa Jarrod Walker na mandolini yake, besi kwa Royal Masat, banjo kwa Billy Failing, fidla kwa Alex Hargreaves.

Na hapa kuna jambo ambalo wanaosema ni roki tupu hulipita bila kuliona. Mpiga mandolini anapopiga solo, mkato unakwenda wapi? Hawezi kukata na kupiga solo kwa wakati mmoja. Kwenye roki swali hili halipo; dramu inaendelea tu. Kwenye blugrasi mkato lazima upokewe. Banjo inaweza kuuchukua kwa kushika kodi zisizo na uzi wazi na kuzibana, au fidla inaukata kwa kisigino cha upinde, mbinu iliyoanzishwa na Richard Greene alipokuwa kwenye bendi ya Monroe miaka ya 1960, au gitaa linaukaza mfagio wake. Makabidhiano hayo hufanyika ndani ya pigo moja, na yakichelewa kwa pigo moja tu ukumbi mzima unahisi sakafu imebonyea. Sehemu zile ndefu ambazo wakosoaji wanaziita kelele za roki zinajengwa kwa kitu hikihiki. Bendi inashuka hadi kodi moja, mkato unaondolewa kwa makusudi, besi inashika noti moja, gitaa linazunguka juu yake. Watu wanasubiri bila kujua wanasubiri nini. Mkato unaporudi, ndipo kelele za ukumbi zinapopasuka. Bendi ya roki ingepata matokeo hayo kwa kurudisha dramu nzima. Hawa wanayapata kwa kurudisha mandolini ya nyuzi nane.

Kuhusu mila yenyewe nitapita haraka, maana habari za Monroe zinajulikana. Alizaliwa Rosine, Kentucky, mwaka 1911, akajifunza kwa wengi, akiwemo Arnold Shultz, mpiga gitaa na fidla Mweusi aliyempa ladha ya bluzi. Alipoingia Grand Ole Opry, kipindi cha redio cha Nashville, mwaka 1939 alisikika kwa sababu alipiga kwa kasi na kuimba juu kuliko bendi za nyuzi za wakati ule. Kwenye rekodi zake za 1945 kuna kodiani. Mwaka 1951 alirekodi na gitaa la umeme na dramu kwenye kampuni ya Decca, lakini hakuifanya hiyo kuwa sura ya bendi yake. Alirudi kwenye nyuzi.

La mwaka 1954 ndilo la kukaa nalo. Monroe alikuwa na wimbo wake maarufu, Blue Moon of Kentucky, wa mwendo wa walsi, tatu kwa tatu, polepole. Julai mwaka huo Elvis Presley, akiwa bado kijana asiyejulikana, aliurekodi Memphis kwa mwendo wa nne, haraka, na ukatoka upande wa pili wa santuri yake ya kwanza. Mtu angetarajia baba wa blugrasi akasirike. Alichofanya Monroe ni kurudi studioni mwaka huohuo na kuurekodi upya: unaanza kwa walsi kama zamani, halafu katikati unaruka kwenye mwendo wa nne na kukimbia. Alipokea nguvu ya roki, akaipitisha kwenye bendi ya nyuzi. Anayesema kwamba nguvu ya roki ni mgeni katika blugrasi anabishana na Monroe wa 1954. Na anayesema Monroe aliruhusu kila kitu naye anakosea, maana tazama alichokipokea na alichokiacha: aliuchukua mwendo, hakuchukua vyombo.

Tangu hapo kila kizazi kimeshtakiwa kosa hilihili. Osborne Brothers walitia umeme na dramu miaka ya 1960, wakalaumiwa, na Rocky Top yao ya 1967 leo ni mmoja wa nyimbo rasmi za jimbo la Tennessee. New Grass Revival ya Sam Bush ilianza 1971, ikaja na nywele ndefu, nyimbo za roki, na kuanzia 1974 besi ya umeme ya John Cowan. Walionekana waasi, na mwaka 2020 wakaingizwa kwenye jumba la heshima la chama cha kimataifa cha blugrasi. Albamu ya J.D. Crowe & The New South ya 1975, yenye Tony Rice, Ricky Skaggs na Jerry Douglas, ilisikika mpya kabisa ilipotoka; sasa walimu wanaitumia kufundishia namna blugrasi inavyotakiwa kuwa.

Banjo yenyewe asili yake ni Afrika Magharibi, ilivuka bahari na watu waliouzwa utumwani. Béla Fleck, aliyeingia New Grass Revival mwaka 1981, baadaye alikuja hadi Uganda na Tanzania, kisha Gambia na Mali, akiifuata asili hiyo. Jina la albamu ya safari ile, iliyotoka 2009, ni tafsiri ya Bagamoyo, bwaga moyo, na ndani yake amepiga na Anania Ngoliga, Mtanzania mpiga ilimba, chombo cha vijiti vya chuma kinachopigwa kwa vidole gumba. Sikiliza vyombo hivyo viwili vikienda pamoja. Noti ni fupi, nyingi, kila moja inakufa haraka ili kuipisha ifuatayo. Chombo ambacho noti yake haidumu kinamlazimisha mpigaji aendelee kusukuma. Nguvu ya blugrasi ilianzia hapo, kabla hajazaliwa mtu yeyote wa roki.

Tuje upande wa wakosoaji, na kwenye hoja yao yenye uzito: umeme.

Blugrasi ya Monroe na ya Lester Flatt na Scruggs ilisimama mbele ya kipaza sauti kimoja. Usawa wa sauti ulikuwa kwenye miguu. Mwenye solo anasogea, anayekata anarudi nyuma nusu hatua, waimbaji watatu wanabana vichwa pamoja. Ukisogea kutoka sentimita 60 hadi 30, sauti yako kwenye kipaza inapanda kama desibeli 6. Hakuna fundi mitambo anayehitajika. Del McCoury, aliyekuwa kwenye bendi ya Monroe mwaka 1963, alirudi kwenye utaratibu huo na bendi ya wanawe, na ukimsikiliza unaelewa mara moja kilichopotea kwingine. Wapigaji wakisimama mita moja na nusu mmoja kwa mwingine, sauti inachukua milisekunde 4 au 5 kufika. Kwa noti zinazopishana kwa milisekunde 100, huo si ucheleweshaji.

Peleka bendi hiyohiyo kwenye jukwaa pana. Wakiwa mita 10 mmoja kutoka kwa mwingine, sauti inachukua milisekunde 29. Hiyo ni karibu theluthi moja ya nafasi kati ya noti mbili za banjo. Mpiga banjo akiufuata mkato anaousikia hewani, amechelewa tayari. Mpiga mandolini naye akiifuata banjo, wamechelewa mara mbili. Kibao kinaanza kuburuta na hakuna anayejua nani kakosea. Ukuta wa nyuma ukiwa mita 60 mbali, mwangwi unarudi jukwaani baada ya milisekunde 350, milisekunde 50 tu kabla ya pigo la besi linalofuata. Mtu hawezi kupiga blugrasi ya kasi akiwa anasikia vitu hivyo. Kwa hiyo hadhira kubwa inalazimisha vipaza vya masikioni, yaani spika ndogo za sikioni, vipaza vya masikioni vinalazimisha kila chombo kiwe na waya wake, na waya unalazimisha pikapu, kifaa kinachonasa sauti kwenye chombo chenyewe. Hakuna aliyekaa akaamua kuiacha sauti ya mbao. Ni viti 17,000 vilivyoamua.

Na pikapu inaumiza kweli. Hewa iliyo ndani ya gitaa kubwa la blugrasi inavuma zaidi karibu na hezi 100, mahali palepale ambapo spika kubwa za jukwaani zina nguvu. Ukiweka kipaza sauti mbele ya gitaa hilo kwenye jukwaa lenye kelele, spika inalisukuma sanduku, sanduku linairudishia spika, na mvumo unapanda hadi fundi anakata. Dawa zinajulikana: kuziba tundu la gitaa kwa kifuniko cha mpira, kupunguza masafa yanayovuma, kugeuza polariti ya mawimbi, au kuachana na kipaza na kutumia pikapu ya piezo chini ya daraja la nyuzi. Lakini piezo inasikia mgandamizo wa uzi, haisikii hewa ya sanduku. Kwa anayepiga taratibu inavumilika. Kwa mpiga blugrasi mwenye nyuzi nene za inchi 0.013 hadi 0.056, anayechapa mara 10 kwa sekunde, kila mwanzo wa noti unatoka kama plastiki inayopasuka. Wazee wanaposema gitaa la siku hizi halina mti ndani yake, hawatii chumvi. Wamesikia sawasawa.

Hata ule mngurumo wa roki una ufundi wake na hasara yake. Piezo ukiipitisha kwenye kikanyagio cha kuchafua sauti inapiga mluzi mara moja, kwa hiyo mpigaji anahitaji njia ya pili: pikapu ya sumaku kwenye tundu, inayosikia chuma cha uzi badala ya mbao. Tatizo ni kwamba nyuzi za gitaa kavu zimefungwa shaba juu ya kiini cha chuma, na sumaku haioni shaba. Nyuzi mbili nyembamba zisizofungwa zinaruka juu, nne nyingine zinazama. Ama uzishushe skrubu za sumaku chini ya zile mbili, ama ufunge nyuzi za nikeli na kupoteza mng'ao wa shaba kwenye ile njia safi. Anayetaka vyote viwili anatembea na ishara mbili kutoka gitaa moja, safi na chafu, na mguu wake ndio unaoamua ipi ifike kwenye spika. Ni kazi halali, inahitaji sikio. Lakini ni kweli pia kwamba fidla, banjo na mandolini zikifuata njia hiyo zote, mtu aliyekaa mbali atazitofautisha kwa noti zinazopigwa, si kwa sauti ya mbao.

Hasara ya pili ndiyo inayonisumbua zaidi. Kipaza kimoja kiliwapa wapigaji mamlaka juu ya usawa wao. Vipaza vya masikioni vimeyahamishia kwa fundi mitambo. Kila mtu anasikia mchanganyiko wake. Mwenye banjo anaweza kuwa hajui kama mandolini imezama huko nje. Bendi inayokutana mara chache haiwezi kuokoka hapo. Inayozunguka mwaka mzima inaokoka kwa sababu imeshajifunza usawa huo kabla ya waya, na hapo ndipo malezi yanapoonekana. Billy Strings alifundishwa gitaa na baba yake wa kambo, Terry Barber, kwa nyimbo za zamani, sebuleni, na mwaka 2022 wawili hao walitoa albamu ya nyimbo hizohizo, isiyo na mngurumo wowote. Mkono wa kulia unaosikika humo ndio uleule wa kwenye kumbi kubwa: kasi, mkazo, na namna ya kuacha pumzi kabla ya mstari wa kuimba.

Kuna hoja ya tatu ya wakosoaji, kwamba urefu unaua wimbo. Hapa nawakubalia kwa sehemu. Santuri za zamani zilibana kila kitu ndani ya dakika tatu, na mbano huo uliwafundisha watunzi kutopoteza mstari. Upweke ule wa sauti ya juu, Monroe akiimba katika B au B bemoli ambako wanaume wengi hawafiki, unahitaji ukimya kuuzunguka, na solo ya dakika kumi inaweza kuufukia. Baadhi ya usiku hufukia kweli. Ila maneno yenyewe hayajaachwa. Wimbo uliomtambulisha Billy Strings mapema, Dust in a Baggie, ni wa mtu aliyefungwa kwa ajili ya dawa za kulevya, kwa mwendo wa kasi unaokaribia kuwa wa furaha. Huo ni utaratibu wa zamani wa blugrasi, msiba juu ya banjo inayokimbia, ukizungumzia janga la mji wake badala ya majanga ya enzi za Monroe.

Tuzo na mauzo hayaamui kesi hii, ingawa yanaonyesha ukubwa wake. Albamu yake ya Home ilipata Grammy ya blugrasi mwaka 2021, mwaka ambao pia chama cha blugrasi kilimtaja mtumbuizaji bora, na Highway Prayers ya 2024 ilishika namba moja kwenye chati ya Billboard ya mauzo ya albamu za aina zote. Hadhira hiyo mpya ina watu wengi ambao hawajawahi kusikia bendi ikiwa na kipaza kimoja. Wengine watafuata nyuma hadi kwa McCoury na kwa Monroe. Wengine watabaki na taa.

Anayetaka kuipima bendi yoyote ya namna hii, iwe yake au ya wengine, asianze na kikanyagio wala urefu wa nywele. Asubiri mandolini iingie kwenye solo, afumbe macho, autafute mkato. Kama fidla au banjo imeupokea bila pengo, besi bado iko juu ya pigo na ule mkazo wa noti ya 4 bado hauna mwenza, anasikiliza blugrasi, hata kama spika zinatikisa mbavu. Kama mkato umetoweka na kuna kitu kingine kinachoshikilia pigo, basi wazee wako sahihi kuhusu bendi hiyo, na haitasaidia kwamba banjo imeonekana jukwaani. Kwa bendi inayotaka kujirekebisha, kazi inaanzia kwenye metronomu, mashine inayolia pigo kwa pigo: iwekwe 80 kwa dakika, kila mlio uhesabiwe kuwa ni mahali pa mkato na si pa besi, mandolini inyamaze kwanza, besi na gitaa vijifunze kuliweka pigo katikati ya milio miwili bila kusukumana. Besi ikikimbia, mlio utaonekana kama unachelewa. Asilaumiwe mwenye metronomu. Ikikaa, mandolini iingie juu ya mlio hadi mlio usisikike, kwa maana umefunikwa sawasawa. Halafu 85, halafu 90, hadi 150, na pikapu zisichomekwe kwanza.